Bepari Ni Neno Letu

Hotuba hii niliitoa Tanga, Jumamosi moja jioni, katika ukumbi mdogo wa maktaba. Nimeiandika upya kwa kufuata kinasa sauti, nikaondoa vikohozi vyangu na simu ya mzee mmoja wa safu ya mbele iliyolia mara tatu.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, marahaba kabla hamjaniamkia, maana mvi hizi hazihitaji cheti cha kuzaliwa.

Aliyenialika aliniambia, "Njoo utueleze Wahindi." Nikamwuliza, Wahindi gani? Wako zaidi ya bilioni moja. Akasema, "Hao hao tunaokaa nao." Haya, nitaeleza hao hao. Nitasema kama mtoto wa duka, niliyezaliwa hapa Tanga mwaka 1962, babu yangu akiwa ametoka Mandvi, pwani ya Kutch huko Gujarat, magharibi ya India, na kaka yangu akiwa Leicester, Uingereza. India yenyewe nimeikanyaga mara tatu tu. Aliyekuja kutaka habari za Delhi na siasa zake, samahani, ameingia ukumbi siyo.

Nianze na tusi. Nikiwa darasa la pili, mtoto mwenzangu tuliyegombea naye gololi aliniita bepari. Sikujua maana yake, ila kwa namna alivyolitema nilijua si zuri. Jioni nikamwuliza baba. Baba alikuwa anahesabu sarafu kwenye kaunta. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akasema, "Hilo neno tulikuja nalo sisi."

Na kweli. Kwa Kigujarati mfanyabiashara ni *vepari*. Neno liliposhuka jahazini lilikuwa na maana ya mtu anayenunua na kuuza, basi. Likakaa pwani miaka mingi bila kumkera mtu. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na bepari akawa mnyonyaji, ndugu yake kupe. Limeondoka Gujarat likiwa kazi, limefika Tanga likiwa kosa.

Tulikuja na mengine pia. Pesa ni *paisa*. Laki ni yetu. Hundi, bima, gunia, chapa, cheti, dobi, sonara, bangili, gari. Yatazameni maneno hayo. Hakuna hata moja la sala, hakuna la mapenzi, hakuna la maombolezo. Ni fedha, mizigo na kazi za mikono. Ukitoka hapo unaingia jikoni: chapati, bajia, achari, kachumbari. Miaka yote hiyo ya kukaa pamoja, lugha zetu zimekutana dukani na mezani, na hazikwenda mbali zaidi ya hapo. Nataka mliweke hilo akilini, kwa sababu ndilo nililokuja kulisema. Mengine ni chumvi.

Kwanza nisafishe kosa moja ninalolisikia hata kwa wasomi. Watu husema Wahindi waliletwa kujenga reli, reli ilipokwisha wakafungua maduka. Reli ya Mombasa mpaka Kisumu ilianza 1896, ikafika ziwani 1901. Waliletwa kwa mkataba watu karibu 32,000, wengi wao kutoka Punjab: mafundi, wavunja mawe, makarani. Kama 2,500 walikufa. Waliobaki hawafiki 7,000. Wengine wote walirudi kwao. Wale wa duka ni watu wengine kabisa, wa Kutch na Kathiawar, pande za Gujarat, na walikuwa pwani hii kabla reli haijaota ndotoni mwa Mwingereza. Walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi, kama Waarabu na kama samaki.

Pale Unguja, enzi za Sayyid Said, forodha yote ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, mtu wa jamii ya Wabhatia wa Kutch. Alimlipa Sultani fungu maalumu kila mwaka, ushuru akakusanya mwenyewe. Ilifika mahali masultani wenyewe wakawa wadaiwa wa kampuni yake. Baada yake akaja Tharia Topan, yule ambaye zahanati yake yenye nakshi za mbao bado inaangalia bahari karibu na bandari ya Unguja. Na Bagamoyo alikuwepo Sewa Haji Paroo, aliyetoa fedha za hospitali Dar es Salaam, ambayo ndiyo shina la Muhimbili ya leo. Kijana mmoja aliyefanya kazi kwake, Allidina Visram, alitandaza maduka njia nzima ya misafara mpaka Uganda. Mombasa wanamjua kwa shule yenye jina lake.

Tunapowataja wazee hawa kwenye sherehe zetu, tunataja hospitali na shule. Leo nitaongeza jambo moja ambalo halisomwi kwenye sherehe. Fedha za Unguja ziligharimia misafara ya bara, na misafara ile haikubeba pembe za ndovu tu. Mwenye kukopesha msafara alijua anakopesha nini. Nimelisema, naendelea.

Sasa, je, watu hawa walikuja na mali? Babu yangu alishuka hapa miaka ya ishirini na sanduku la bati, godoro la kukunja na barua. Barua ndiyo ilikuwa mali. Iliandikwa na mzee wa Mandvi kwenda kwa mzee wa Unguja, mistari minne: huyu ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, baba yake hajawahi kufilisika na deni la mtu. Kwa mistari minne hiyo babu alipewa majora ya marekani na kaniki, chumvi, majembe na mafuta ya taa, bila kulipa senti. Alipe baada ya miezi mitatu. Babu akapeleka bidhaa ndani, njia ya Korogwe, akamkopesha mkulima. Mkulima alipe akivuna. Yule wa Unguja naye alikuwa amekopa Bombay. Kwa hiyo kanga aliyojifunga mama wa Handeni mwezi wa pili ilikuwa na deni lililonyooka kama kamba mpaka ng'ambo ya bahari, na katika kamba nzima hakuna mtu mmoja aliyetoa pesa taslimu.

Watu wengine hukaa wakisema Mhindi ana dawa ya biashara, ana jini. Hana. Alikuwa na miezi mitatu. Mpe mtu yeyote mwenye akili bidhaa za miezi mitatu bila riba ya kumnyonga, halafu mje mniambie habari za jini.

Kilichomfanya alipe ni nini? Hakuna polisi wala hati. Ni kwamba akila mali ya watu, habari inafika Mandvi na meli ijayo, na dada zake hawatapata posa. Mdogo wake hatapata barua. Jina la baba linavunjika. Kila jamii ilikuwa na baraza lake: sisi Walohana na letu, Mabohora na lao, Makhoja na lao. Baraza ndilo benki, ndilo mahakama, na ndilo kungwi. Mtu aliyefilisika kwa bahati mbaya alisaidiwa. Aliyefilisika kwa ujanja alihamia mji mwingine, na huko akakuta wameshamjua.

Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu. Usiku wa Diwali, sikukuu yetu ya taa ya kufunga mwaka, dukani kwetu tulikuwa hatufungui zawadi. Tulikuwa tunafungua daftari. Kwa Kigujarati *chopdo*. Refu, jembamba, limevikwa kitambaa chekundu, limeshonwa kwa uzi mweupe unaozungushwa mara mbili ukafungwa. Mama anafagia, anachora mbele ya mlango kwa unga wa rangi. Baba anaoga, anavaa dhoti ambayo mwaka mzima hakuivaa, anakaa chini. Ukurasa wa kwanza anachora kwa kidole chenye unga mwekundu. Anaandika *Shri* mara moja juu, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, mpaka inakuwa kama kichuguu. Pembeni anaandika maneno mawili, *shubh* na *labh*. Heri, na faida. Anaweka jani la tambuu, anaweka sarafu ya rupia ya zamani aliyoirithi kwa babu. Tunamwomba Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Halafu daftari linafungwa, na hakuna hesabu yoyote itakayoandikwa humo mpaka siku ya tano, duka linapofunguliwa tena.

Mimi mtoto nilikuwa nashangaa kitu kimoja: tarehe. Kalenda yetu ya Vikram iko mbele ya hii ya kawaida kwa miaka 56 au 57. Shuleni mwalimu anaandika ubaoni 1973, nyumbani baba ameshafika 2030. Nikadhani Wahindi tunaishi mbele ya watu. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba katika mambo mengine tulikuwa nyuma sana.

Katika kila Diwali ya utoto wangu alikuwepo mtu mmoja amesimama mlangoni, ndani ya fremu, si ndani wala si nje. Jina lake nitaliacha. Tulimwita Mzee wa Stoo. Alianza kazi kwa babu mwaka 1949. Alijua bei za bidhaa zote kichwani, alijua gunia la sukari limelowa kwa kulipiga kofi. Kiswahili changu hiki mnachokisifu ni chake. Mama yangu alikuwa anasema Kikutchi na cha sokoni tu. Baba alimwachia funguo. Baada ya ibada alipewa sahani ya pipi na noti, akasema ahsante tajiri, akaenda zake Ngamiani.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kule Uganda kwamba Waasia waondoke katika siku tisini. Hapa kwetu mwaka mmoja nyuma serikali ilikuwa imetaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba yetu haikufika thamani hiyo. Baba alifurahi na kuona aibu kwa pamoja. Lakini habari za Uganda zilitutia homa. Kila siku watu walikuja kwa baba jioni, wanaongea kwa sauti ya chini, redio iko juu. Usiku mmoja mama alitoa bangili zake za dhahabu, kumi na mbili, akazifunga kwenye kipande cha kanga, akampa Mzee wa Stoo. Hakuziweka kwa Mlohana mwenzake. Hakuziweka benki. Zikakaa Ngamiani, chini ya kitanda cha kamba, miezi saba. Hali ilipotulia zikarudi. Mama alizihesabu mbele yake, na mpaka leo naona haya kwa kuzihesabu kule. Kumi na mbili.

Mwaka 1974 Mzee wa Stoo akamwomba baba jambo. Alitaka kufungua kiduka kwake Ngamiani: sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya kupima. Mfanyabiashara wa jumla wa mjini alikuwa tayari kumpa bidhaa za mwezi mmoja, ila alitaka mtu wa kumdhamini. Neno moja la baba lingetosha. Si kutia saini, kupiga simu tu. Nilikuwepo. Mzee amesimama upande wa nje wa kaunta, kofia ameivua, anaizungusha vidoleni. Baba akasema, "Tutaona."

Nyinyi ni Waswahili, mnajua "tutaona" ni nini. Ni hapana iliyooga.

Nimeishi na "tutaona" hiyo miaka hamsini. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Wapo humu ukumbini waliomfahamu. Alimwamini mtu yule kwa dhahabu ya mke wake. Ila kuna imani ya kumpa mtu akutunzie, na kuna imani ya kumpa mtu akawa kama wewe. Ya kwanza tulikuwa nayo tele. Ya pili ilikuwa ndani ya daftari jekundu, na daftari liliandikwa kwa herufi ambazo Mzee wa Stoo hawezi kuzisoma.

Ukuta ule haukujengwa na mikono yetu peke yetu. Waingereza walikuwa na sheria ya kubana mkopo kwa wale waliowaita wenyeji. Asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, hawezi kumdai mahakamani. Walisema ni kumkinga Mwafrika asifilisiwe na Mhindi. Ilimkinga kweli, ilimkinga asipate mtaji. Na miji yetu nayo ilikatwa vipande kama keki: Uzunguni upepo, Uhindini maduka, Uswahilini watu. Hapa Tanga hamhitaji ramani. Tembeeni kutoka Ras Kazone mpaka barabara ya ishirini mtaona. Lakini sheria ya Mwingereza ilikwisha, uhuru ukaja, na baba yangu bado alisema tutaona. Hapo siwezi kumsingizia gavana.

Ukweli ni kwamba tulipomfungia mlango Mswahili tulikuwa tumeshafungiana sisi kwa sisi. Mlohana hakumwoza Mbhatia. Makhoja waligawanyika wao kwa wao tangu karne ya kumi na tisa, Waismailia huku, Waithnaasheri kule. Fundi viatu alikaa mwisho wa mstari hata hekaluni. Kila jamaa na shule yake, zahanati yake, klabu yake ya kriketi, mahali pake pa kuzika au kuchoma maiti. Watu wa nje waliona kitu kimoja, "Wahindi". Sisi ndani tulikuwa tunajua mpaka mtu anakula kitunguu au hali. Na kwa Mwafrika tulikuwa na neno letu la nyumbani ambalo sitalitamka mbele ya mama zangu. Mzizi wake ni mtumwa. Bibi zetu walilisema bila hasira, kama mtu anavyosema "kijiko". Bila hasira ndiyo mbaya zaidi.

Nikisimama hapo nitakuwa nimewadhulumu wengine. Wapo waliotoka nje ya daftari. Makhan Singh, Kalasinga aliyekuja Kenya akiwa kijana mdogo, ndiye aliyesimamisha vyama vya wafanyakazi Nairobi visivyobagua rangi. Aprili 1950 pale ukumbi wa Kaloleni akadai uhuru, na Waingereza wakamweka kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya, aliuawa kwa risasi Nairobi, Februari 1965. Kwetu alikuwepo Amir Jamal, aliyeshika wizara ya fedha miaka mingi, na Sophia Mustafa aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura ya mwaka 1958. Na Oktoba 1961, wabunge wengine walipotaka uraia wa rangi, Nyerere alisimama akakataa katakata. Mimi niko hapa nikihutubia badala ya kuwa Leicester nikiuza magazeti kwa sababu ya siku ile.

Leicester. Kaka yangu alikwenda 1975. Ule mji una kisa chake: Septemba 1972 halmashauri yake ililipia tangazo katika gazeti la Uganda, ikiwaasa Waasia wa Uganda, kwa faida yenu na ya familia zenu, msije Leicester. Watani wanasema wengi ndipo walipoujua huo mji upo. Leo barabara ya Belgrave wakati wa Diwali inawaka taa mwanzo hadi mwisho, na halmashauri inajivunia.

Ukiingia nyumba za watu wetu kule utasikia Kigujarati kilichopikwa kwa nazi. Wanasema *sufuria*, wanasema *kisu*, wanasema *jugu* kwa njugu. Muhogo wa kukaanga uko kwenye hoteli zao kwa jina la *mogo*. Binti wa kaka yangu, mzaliwa wa huko huko, alikwenda Rajkot kwa harusi, akamwaga unga, akaomba *fagio*. Wenyeji wakatazamana. Akarudia, kwa Kigujarati safi, "Nipeni fagio." Hakuna aliyeelewa. Alidhani maisha yake yote ni neno la Kihindi. Alinipigia simu akiwa amekasirika, kana kwamba nimemwibia kitu.

Msidhani kule wote walifungua maduka. Kaka yangu alianza kiwandani, kwenye mashine za kufuma soksi, zamu ya usiku. Wanawake wetu ambao hapa hawakuwahi kutoka nje ya jiko, kule waliingia viwandani. Agosti 1976, kaskazini-magharibi ya London, wafanyakazi wa kampuni ya kusafisha picha iitwayo Grunwick waligoma. Wengi walikuwa wanawake wa Kihindi waliotoka Afrika Mashariki, na kiongozi wao alikuwa Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanganyika. Mwanamke mfupi, sari na koti la baridi juu yake, mkoba mkononi, amesimama mbele ya safu ya polisi. Waligoma karibu miaka miwili. Hawakushinda. Lakini tajiri mmoja wa London alipata habari kwamba si kila Mhindi ni bepari.

Baadaye kaka alitaka kununua duka la pembeni. Akaenda benki moja, na karatasi zake zote, na mshahara wake wa miaka minane. Meneja akamtazama, akamwambia "tutaona" kwa Kiingereza. Usiku ule kaka alinipigia, analalamika ubaguzi, dakika kumi na simu ya ng'ambo wakati huo ilikuwa ghali. Nikamsikiliza. Halafu nikamwuliza kama anamkumbuka Mzee wa Stoo. Akakata simu. Tulikaa mwaka hatusemezani.

Na India? Nilikwenda Mandvi mwaka 2017. Kingo za mto Rukmavati bado wanaunda majahazi ya mbao, makubwa kuliko nyumba hii, mafundi wanapiga misumari wakiimba. Nilisimama pale nikanusa sifa, yale mafuta ya kupaka majahazi, na mbao mbichi, nikajiona nimeshapafika kabla sijazaliwa. Raha hiyo ilidumu mpaka nilipofungua mdomo. Muuza chai alisema Kikutchi changu ni cha bibi yake. Akaniuliza, wa wapi? Nikasema Tanga. "Aa, Mwafrika!" Akaniongezea bei.

Vijijini karibu na Bhuj, kama Madhapar, kuna mabenki mengi kuliko unavyotegemea kijijini, na majumba yenye nguzo na vioo, yamefungwa kufuli. Wenyewe wako Nairobi na London. Wanarudi wakati wa harusi, wanafungua madirisha, wanafukuza njiwa, wanafunga tena. Sisi wa nje tuna India yetu tuliyoigandisha tangu siku ya meli. Wao wameendelea na safari. Mama anayeuza bilingani barabarani amebandika karatasi ya michoro myeusi, unalipa kwa simu. Nilitoa noti, akakosa chenji, akanitazama kama mzee aliyepotea. Lakini nikaingia duka la rejareja, lile wanaloita *kirana*, nikakuta ukutani maandishi niliyoyajua: leo taslimu, kesho mkopo. Na chini ya kaunta, nikachungulia, daftari. Mteja alichukua mchele akaondoka bila kulipa, mwenye duka akaandika. Simu za kulipia zote zile, na bado anaandika.

Namalizia na deni.

Baba alifariki 1998. Mwaka uliofuata nilifungua madaftari yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki ninayesoma ile hati. Madeni ya watu wengi hayajalipwa, niliyafunika. Katika daftari la mwaka 2030, yaani 1974 kwenu, nikakuta mstari mmoja upande wa pili, upande wa tunaodaiwa sisi. Jina la Mzee wa Stoo. Mshahara wa miezi miwili, shilingi 480, utalipwa mvua zikiisha. Haukupigwa mstari. Mwaka uliofuata hakuuhamisha kwenye daftari jipya. Baba, ambaye alikuwa anakesha kwa tofauti ya senti ishirini.

Nilikawia. Mnaniona nazungumza kwa ujasiri, lakini nilikawia miaka kumi na moja. Shilingi 480 wakati huo zilikuwa soda na chenji. Mwishowe nikapiga hesabu kwa mchele: 1974 zingenunua kilo ngapi, na kilo hizo leo ni bei gani. Nikaongeza, nikatia kwenye bahasha, nikaenda Ngamiani, barabara ya kumi na nne. Mzee alikuwa ameshatangulia. Nikaelekezwa kwa binti yake, ana duka. Duka zuri, rafu zimejaa mpaka juu. Nikamwuliza mtaji aliupata wapi. Akasema upatu. Wanawake kumi na wawili, kila mwezi anapokea mmoja, anayevunja zamu hataingia tena upatu wowote wa Ngamiani. Nikamwambia, hiyo ndiyo barua ya babu yangu. Hakuelewa, na sikumfafanulia.

Nikampa bahasha, nikamweleza. Akahesabu, mbele yangu, noti kwa noti. Halafu akasema, "Baba alikuwa akituambia, tajiri alisema tutaona. Basi, tumeona."

Akavuta daftari la shule, lile la kurasa tisini na sita, akaandika tarehe, akaandika *Mhindi wa mjini, amelipa*, akapiga mstari. Jua lilikuwa kali. Nikamwomba soda baridi, nikajipapasa mifukoni, kumbe pesa zote nimezitia kwenye bahasha. Nikamwambia nitamletea kesho.

Akanionyesha ukutani, juu ya friji, kadibodi imeandikwa kwa kalamu nene.

Sitawasomea. Mnajua ilivyoandikwa.

Haya, maswali. Na yule mwenye simu aanze.